Dawa alizoacha marehemu baba: jirani anaziomba, nizipeleke wapi?

Mwalimu wa Kiwira

Habari zenu ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa.

Baba yetu alifariki mwezi wa tano hapa nyumbani Kiwira. Alikuwa na kisukari kwa miaka 14, baadaye presha, na mwaka wa mwisho moyo ulichoka, miguu ikawa inajaa maji. Mimi nafundisha shule ya msingi Mbeya mjini, na likizo hii nimekuja kumsaidia mama kupanga chumba. Nguo tuligawa siku ya kuanua matanga. Jembe na panga vimekwenda kwa kaka. Imebaki ndoo.

Ni ile ndoo ya rangi ya lita 10 yenye kifuniko cha kubana. Baba aliweka dawa zake humo ili panya wasizifikie. Kila pakiti aliibandika kipande cha plasta nyeupe na kuchora kwa kalamu: jua kwa dawa ya asubuhi, mwezi kwa dawa ya usiku, sahani kwa ile ya kunywa akishakula. Hakusoma sana, lakini sikumbuki kumsikia amekosea dozi. Nilikaa na ile ndoo mapajani muda mrefu kabla ya kuifungua.

Nimekuta hizi, naandika kama zilivyoandikwa. Metformin 500 mg ya kisukari, pakiti 11 za vidonge 10. Losartan 50 mg ya presha, pakiti 6, muda wake unaisha mwakani. Furosemide 40 mg ya kupunguza maji mwilini, pakiti 3. Glibenclamide, nayo ya kisukari, iko kwenye kibahasha cha karatasi kilichoandikwa 1x1 tu, tarehe hakuna. Chupa 3 za insulini, moja imefunguliwa, hizi zilikuwa pembeni kwenye chungu. Vidonge vya rangi mbili 9, amoxicillin, ambayo ni antibaiotiki, alipewa kwa ajili ya kidonda cha mguu na hakumaliza. Sirinji mpya 38, na chupa ya maji ya lita moja na nusu imejaa zilizotumika.

Sasa linaloninyima usingizi. Kuna mama jirani ambaye wakati wa msiba alilala kwetu wiki nzima. Alipika, aliteka maji, alimshika mama asianguke kaburini. Juzi jioni alikuja, akasubiri mama aingie jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba binti yake ana mimba ya miezi sita na kliniki wamemwambia presha iko juu. "Mwanangu, mzee amekwenda, hizi dawa hazina mwenyewe tena. Nipatie hata pakiti mbili." Nikamjibu nitaangalia. Tangu siku hiyo nikimwona anapita na ndoo kichwani, naingia ndani. Kwetu mtu akiomba chumvi hanyimwi, sembuse dawa ambayo bado nzima na mgonjwa yupo.

Nilipita kwenye duka moja la dawa kuuliza. Kijana wa pale akaniambia nilete zote, atanunua nusu bei. Moyo ukakataa, nikaondoka. Mama anasema tuchome kwenye shimo la taka nyuma ya migomba. Kaka anasema tumwage chooni yaishe. Na jana nimemkuta mpwa wangu wa miaka 5 ana sirinji mkononi, anawarushia kuku maji.

Narudi mjini Jumapili. Naombeni mwenye ujuzi anielekeze kabla sijaondoka.

Mfamasia Uyole

Pole sana mwalimu kwa kufiwa na mzee. Mimi ni mfamasia, nipo hapa Mbeya mwaka wa 9 sasa. Naanza na la haraka.

Yule binti asipewe losartan, hata kidonge kimoja. Losartan na jamii yake yote inayoishia na "sartan", pamoja na enalapril na captopril, zikitumiwa kuanzia mwezi wa nne wa mimba zinaharibu figo za mtoto tumboni. Maji ya uzazi yanapungua, mtoto hakui, na anaweza kufia humo humo. Kwa baba yako ilikuwa dawa nzuri. Presha ya mimba ina dawa zake, kama methyldopa ambayo kina mama wengi wanaijua kwa jina la Aldomet, au nifedipine, na anayepanga kipimo ni kliniki. Tena presha ya mimba ikiachwa inaweza kuleta kifafa cha mimba. Akisikia kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, au maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, asingoje tarehe yake, aende siku hiyo hiyo, hata usiku. Nakuomba umwambie mama yake maneno haya kama yalivyo. Kama unaweza, wasindikize.

La pili ni kibahasha cha glibenclamide. Kiondoe leo mahali mtoto anapofika. Kidonge kimoja cha namna hiyo kikimezwa na mtoto kama mpwa wako kinaweza kushusha sukari mpaka azimie, na wakati mwingine sukari inashuka saa nyingi baadaye, mmeshajiambia yuko salama. Vibahasha hivi vinanisumbua kuliko kitu kingine chochote. Vidonge vinahesabiwa kutoka kopo kubwa, vinafungwa, na tarehe ya kuisha inabaki kwenye kopo. Miezi sita baadaye hakuna anayejua vimekaa muda gani.

Mtu akileta dawa kwangu huwa anauliza: si mumpe mgonjwa mwingine? Siwezi, kwa sababu sijui zilikaa wapi. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, na ikishafunguliwa inatumika kama wiki nne. Ikipigwa na jua au ikiganda, kwa macho inaweza kuonekana vile vile, lakini nguvu imeisha. Nikimpa mgonjwa chupa hiyo, sukari yake itapanda na yeye atajilaumu kwa chakula.

Yule kijana wa nusu bei anavunja sheria. Mwenye duka la dawa anatakiwa kununua kwa muuzaji mwenye kibali, si kwenye ndoo ya marehemu. TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa hapa Mbeya. Unaweza kuwapa taarifa.

Peleka ndoo nzima kwenye hospitali aliyokuwa akitibiwa. Usiiache dirishani, omba kuonana na mfamasia mwenyewe. Hospitali ina dawa zake zilizoisha muda, na hizi zinaungana nazo. Zinaorodheshwa na kuteketezwa kwa utaratibu, kwenye tanuri la joto kali. Shirika la Afya Duniani linataja nyuzi 850 kuwa kiwango cha chini. Moto wa maganda ya ndizi haufiki huko. Utabakiza dawa kwenye jivu, na mama atavuta moshi wa plastiki.

Na kaka asimwage chooni. Huko Rungwe maji yako karibu, chemchemi kila bonde, na Mto Kiwira unashuka mpaka Ziwa Nyasa. Antibaiotiki zikiingia kwenye maji na udongo, vimelea vinazizoea taratibu.

Kwa mwingine anayesoma hapa ambaye hospitali iko mbali kabisa na hana namna: toa vidonge kwenye pakiti, changanya na udongo mbichi au majivu mpaka mtu asitamani kuvigusa, funga kwenye chombo kisichovuja, fukia kwa kina mbali na kisima na mbali na mto. Jina la mgonjwa lifutwe kwenye kila karatasi. Hiyo ni njia ya aliyekosa njia.

Mfugaji Ifunda

Poleni na msiba. Samahani nikiingilia, ila mfamasia amenigusa hapo kwenye antibaiotiki.

Mimi nafuga kuku wa kienyeji, kama 60. Zile za rangi mbili zikibaki nyumbani huwa nafungua kapsuli namwaga unga kwenye maji yao wakianza kuharisha. Wengi huku Ifunda tunafanya hivyo. Nilikuwa naona ni bora kuliko kutupa, maana dawa ni pesa. Kuna ubaya gani?

Mfamasia Uyole

Mfugaji, nashukuru umeuliza wazi. Ubaya ni kwamba hujui kila kuku amekunywa kiasi gani. Aliyekunywa kidogo anabaki na vimelea vilivyoonja dawa vikapona, na vimelea hivyo viko kwenye kinyesi unachokanyaga na kwenye mikono ya anayeokota mayai. Dawa yenyewe inabaki kwenye yai na kwenye nyama. Dawa za mifugo zina siku za kusubiri kabla ya kula au kuuza, zimeandikwa kwenye chupa. Kapsuli ya binadamu haina maelezo hayo, kwa hiyo yai la kesho asubuhi linaliwa na mtoto likiwa na dawa. Muone mtaalamu wa mifugo wa kata, mara nyingi kuharisha kwa kuku si kwa bakteria hata kidogo.

Nikupe mfano mmoja. Kule India ng'ombe walikuwa wanachomwa diclofenac, hii hii tunayomeza kwa maumivu ya mgongo. Ng'ombe akifa, tai wanaokula mizoga walikuja kama kawaida yao, figo zao zikaharibika, wakafa kwa mamilioni. Serikali ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Aliyemchoma ng'ombe wake sindano alikuwa anamhurumia ng'ombe.

Nesi wa Makambako

Pole sana dada mwalimu. Naomba nikuulize kitu: pakiti 11 za metformin ni nyingi mno kwa mtu aliyekuwa anahesabu dozi vizuri kama mzee. Angalia kwenye daftari lake la kliniki. Mara nyingi mrundikano kama huo maana yake daktari alisimamisha dawa, mgonjwa akaihifadhi akidhani siku moja atarudishiwa. Figo zikishuka sana metformin husimamishwa.

Nasema hivi kwa sababu mtu akiona pakiti ina tarehe nzuri anaiita nzima. Mimi nimewahi kupokea mama mmoja hapa aliyepewa dawa za marehemu mumewe na shemeji, zote hazijaisha muda, na tatu kati ya hizo mume alikuwa amekatazwa miezi mingi nyuma. Alikuja hawezi kusimama.

Kuhusu sindano zilizotumika: hiyo chupa imejaa, usishindilie nyingine. Usirudishie vifuniko vidogo vya sindano, hapo ndipo watu wanajichoma. Kaza kizibo, zungushia plasta, andika kwa kalamu nzito SINDANO, na uibebe ikiwa imesimama ndani ya ndoo. Uliza zahanati yenye boksi la sindano kama itaipokea. Na ile aliyokuwa anachezea mtoto, mwangalie vidole na viganja. Kama ilikuwa na sindano na ilishatumika, mpelekeni akaangaliwe.

Naongeza neno la uchungu wangu mwenyewe. Siku tunazoandikia wagonjwa wakanunue nje kwa kuwa stoo imeisha, halafu nikaona mfuko wa dawa zilizorudishwa zikisubiri kuteketezwa, inauma sana. Ndiyo maana nawaomba mnaouguza wazee: mkienda kliniki, bebeni dawa zilizobaki na mzionyeshe. Sisi tutapunguza idadi ya kuandika. Mzee mwenyewe hatasema, anaogopa akisema zimebaki atanyimwa.

Binti wa Kalenga

Kamwene ndugu zangu. Mwalimu, nimesoma habari ya jua na mwezi nikalia, maana nimetoka huko.

Mama yangu alikuwa na saratani ya koo. Miezi minne ya mwisho tulimuuguza nyumbani Kalenga na alikuwa anapewa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, tunapima kwa sirinji isiyo na sindano kila baada ya saa nne. Alipotutoka ilibaki chupa moja na robo. Mjomba wangu ana mgongo mbaya, akaniomba ile robo. Mtu aliyenilea. Nilimkatalia mbele ya watu, akaacha kuongea nami mpaka Krismasi.

Nilikataa kwa sababu nesi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyepona, alituambia tangu siku ya kwanza kwamba kipimo cha mama kilipandishwa polepole na mwili wake ulishazoea, lakini mtu mwingine akinywa kiasi kile kile anaweza kulala asiamke, pumzi inapungua yenyewe. Nilirudisha chupa zote mbili. Nesi akapima kilichobaki, akaandika kwenye kitabu, mimi nikatia sahihi na yeye akatia. Kaka yangu yuko Marekani, anasema huko kila Aprili na Oktoba kuna siku ya kukusanya dawa zilizobaki majumbani, na kwamba dawa kali kama mofini ukikosa pa kuirudisha unaruhusiwa kuimwaga chooni, kwa kuwa hatari ya mtu kuinywa ni kubwa kuliko ya maji. Kwetu ilitosha kuirudisha pale ilipotoka.

Ninachotaka kukuambia ni hiki: usimkwepe yule mama. Mimi kosa langu lilikuwa kukataa bila kueleza. Mjomba aliamini namnyima. Laiti ningekaa naye chini siku ile ile nikamweleza habari ya pumzi, angeelewa, maana si mtu mjinga. Kaa naye.

Mwalimu wa Kiwira

Ndaga fijo, nyote. Narudi kuwaambia ilivyokwenda.

Kwanza mtoto: sirinji aliyokuwa nayo ilikuwa mpya na haikuwa na sindano, aliifungua mwenyewe kwenye pakiti yake. Mikono yake mizima. Hata hivyo ile ndoo ilihamia juu ya kabati la mama mpaka siku ya safari.

Nesi, umesema kweli tupu. Daftari la kliniki nililikuta chini ya godoro. Mwezi wa kumi mwaka jana daktari ameandika kwa wino mwekundu: acha metformin, figo. Baba hakutuambia. Aliendelea kubandika jua na mwezi kwenye dawa mpya, na zile 11 akazipanga chini kabisa ya ndoo, zimefungwa raba.

Alhamisi jioni nilikwenda kwa jirani. Nilibeba sukari kidogo na sabuni kama tunavyokwenda kwa mtu, nikakaa jikoni kwake. Nilimwonyesha pakiti ya losartan, nikamsomea lile karatasi la ndani sehemu ya wajawazito, nikamweleza aliyosema mfamasia juu ya figo za mtoto. Alinyamaza. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ungenipa siku ile, tungemuua mjukuu?" Sikujua cha kumjibu, nikamshika mkono. Akaniambia alikuja kwangu kwa sababu kliniki walimwambia binti arudi baada ya siku tatu kupimwa tena, na nauli ya kwenda na kurudi hawakuwa nayo. Kumbe kilichopungua kilikuwa nauli.

Ijumaa alfajiri tulishuka wote watatu barabarani tukapanda kosta, binti akiwa dirishani, ndoo katikati ya miguu yangu. Kliniki walimpima presha, 158 kwa 102. Walimpa methyldopa na wakamlaza usiku mbili kumwangalia. Leo ametoka, mtoto anacheza tumboni.

Mimi nilipofika dirishani na ndoo, dada wa pale alisema hawapokei dawa kutoka nje. Nilitaka kugeuka. Nikakumbuka mlivyoniambia, nikaomba mfamasia. Alikuja baba mmoja wa makamo, akafungua kifuniko, akasimama kidogo. Akaniuliza nani alichora. Nikamwambia. Alihesabu vyote taratibu na kuandika kwenye karatasi mbili, nyingine akanipa. Zile chupa mbili za insulini ambazo hazijafunguliwa nilimwambia baba aliziweka kwenye chungu chenye mchanga wa maji, kona ya baridi, na Kiwira kwenyewe ni baridi. Nilikuwa bado na tumaini. Alisema chungu kilimsaidia mzee vizuri kwa chupa aliyokuwa akiitumia, lakini hawezi kumchoma mtu mwingine kwa kutegemea hilo. Sirinji mpya 38 pia alizipokea, zitateketezwa na zile nyingine.

Kabla hajazichukua nilimwomba nibandue plasta kwenye pakiti moja. Zilishagandana, karatasi ikachanika na jua likaja na nusu ya jina la dawa.

Ofisi ya TMDA nimepita, nimewaambia habari ya nusu bei. Ndoo nimeiosha kwa sabuni mara tatu, mama anataka kuwekea mbegu za maharage. Kliniki ya binti ni Alhamisi ijayo, nauli nimeshamwachia mama.